Kasemanani wa Mkolani

Wanafunzi wetu humpa kila mwalimu jina la pili. Mimi, Malimi Mashimba, naitwa Bwana Moshi kwa sababu ya jambo lililotokea maabara katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na sina haja ya kulieleza. Mwalimu Eugenia Kyaruzi wanamwita Kasemanani. Majina mengine hunong'onwa nyuma ya madarasa. Lake humwita nalo waziwazi, naye huitika.

Tumefundisha pamoja miaka kumi na mmoja, yeye Jiografia na mimi Kemia, katika shule ya sekondari iliyo juu ya kilima upande wa Mkolani, kusini mwa jiji la Mwanza. Jina la shule sitalitaja kwa sababu mkuu wetu wa shule yumo katika habari hii, na bado tunasalimiana vizuri. Eugenia ni mwanamke mfupi, mzaliwa wa Muleba, binti wa mkulima wa kahawa na migomba. Sauti yake ni ndogo. Mtu aliyekaa dawati la nyuma lazima anyamaze ndipo amsikie, kwa hiyo darasa lake hunyamaza.

Swali linalomfanya aitwe Kasemanani hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa aibu, nami nilikuwapo.

Ilikuwa miaka saba iliyopita. Asubuhi moja kabla ya kengele alipokea ujumbe kwenye simu. Ulikuwa na picha ya samaki waliovimba, na maneno kwamba sato na sangara wanaouzwa Mwanza wiki ile wamevuliwa kwa sumu na watu kadhaa wamelazwa. Mwisho uliandikwa: "Ukimpenda jirani yako, mtumie." Eugenia anawapenda jirani zake. Akautuma katika kundi la wazazi wa kidato cha kwanza, akachukua chaki, akaenda kufundisha.

Ujumbe ukitoka kwa mwalimu hauwi uvumi tena, unakuwa taarifa. Siku ya pili ulikuwa umefika soko la Igoma, na umeongezwa maneno: mwalimu wa sekondari amethibitisha. Siku ya nne alikuja mama mmoja na beseni kichwani. Alikuwa Mama Nestory, muuza samaki wa Igoma, ambaye mwanawe alikuwa kidato cha kwanza kwetu. Aliingia ofisi ya walimu, akalitua beseni juu ya meza, katikati ya madaftari.

"Mwalimu Eugenia ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hawa ni sato wa jana, hawajanunuliwa. Wa juzi nimewatupa. Nimekuja unionyeshe sumu iko wapi."

Eugenia akafungua simu, akamwonyesha ile picha. Mama Nestory aliitazama kwa muda.

"Samaki hawa wa wapi?"

"Sijui, mama."

"Nani amewapiga picha?"

"Sijui."

"Wewe amekwambia nani?"

"Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo."

"Na yeye kaambiwa na nani?"

Mama Nestory akafunika beseni lake kwa kanga. "Mwanangu alipewa sifuri ya hesabu hapa kwenu kwa sababu aliandika jibu bila kuonyesha njia," alisema. "Nilidhani ni sheria ya shule nzima."

Alipoondoka, Eugenia alikaa pale pale mpaka kipindi kikampita. Kisha akampigia yule rafiki yake na kumuuliza ujumbe aliupata kwa nani. Akampigia huyo wa pili, halafu wa tatu. Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu. Wengine walimkatia simu, mmoja alimtukana. Mtu wa kumi na moja, fundi wa redio katika mkoa mwingine, alikiri kwamba picha aliiokota mtandaoni. Ilikuwa imepigwa miaka mingi nyuma, katika nchi isiyopakana hata na ziwa letu. Maneno aliongeza mwenyewe, maana alisikia mahali kwamba samaki wa siku hizi si wazuri.

Katika mkutano wa wazazi uliofuata Eugenia alisimama na kusema mbele ya watu wote: "Niliwatumia uongo. Sikuutunga, lakini niliubeba." Halafu, na hili ndilo lililonifanya nianze kumtazama kwa jicho jingine, Jumamosi nne mfululizo alikwenda sokoni Igoma, akaketi kwenye kigoda karibu na meza ya Mama Nestory, akawaeleza wateja mmoja mmoja kwamba mwalimu aliyethibitisha ni yeye, na kwamba hakuthibitisha chochote. Tangu hapo wanafunzi wake hawajapata kupumua. Ukisema jangwa linasogea, anauliza kasema nani. Ukisema umesoma kitabuni, anauliza kitabu cha mwaka gani, na mwandishi alipima nini.

Sasa nieleze ya mwaka jana.

Lilitangazwa tamasha la mazingira kwa shule za sekondari za hapa mjini. Kila shule ilitakiwa kuleta bango moja na msemaji mmoja, na mada ilikuwa teknolojia na mazingira. Wakati huo Eugenia alikuwa Muleba akimuuguza mama yake, kwa hiyo mkuu wetu, Mwalimu Privatus Katabaro, aliishika Klabu ya Mazingira yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Modesta, msichana wa kidato cha tatu mwenye sauti ya kuhutubia. Modesta alileta ujumbe aliousoma kwenye simu ya shangazi yake. Ulihusu akili unde, zile programu za kompyuta unazoziuliza swali zikakujibu kama mtu. Ulisema kwamba kila swali moja hutumia chupa nzima ya maji.

Si jambo la kushangaza ukilifikiria. Kompyuta zinazofanya kazi hiyo huwekwa maelfu kwa maelfu katika majengo makubwa. Hupata moto, na mahali pengi hupozwa kwa maji. Mkuu alilipenda sana wazo hilo. Wiki hiyohiyo bango lilichapishwa Nyakato, refu kama ukuta wa darasa: SWALI MOJA KWA AKILI UNDE HUNYWA CHUPA NZIMA YA MAJI. ZIWA LETU LINAKAUKA! Pembeni paliwekwa picha ya ardhi iliyopasukapasuka.

Eugenia alirudi Jumatatu, akalikuta limetundikwa ofisi ya walimu. Alilisoma akiwa bado na mkoba begani.

"Limependeza," alisema. "Kasema nani?"

Tulicheka wote, na mkuu akiwemo. "Mwalimu, hili kila mtu analisema."

"Kila mtu hana anwani, Mkuu."

Tamasha lilikuwa limebaki siku kumi na nane. Aliomba avitumie vipindi vya klabu kulichunguza bango, na mkuu akakubali kwa moyo mweupe, akiamini litapita.

Kipindi changu cha kidato cha tatu kilifuata chake, nami nilianza kufika mapema na kusimama mlangoni. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu, na katika chumba cha kompyuta zilikuwa zinawaka mashine tatu. Eugenia alitumia bando la simu yake, akachapisha kurasa steshenari, akazigawa kwa makundi. Kazi yao ilikuwa moja: kupanda juu. Ujumbe wa shangazi ulitoka wapi?

Waligundua kwamba ulitoka kwenye video fupi ya kijana mmoja aliyekuwa akizungumza ndani ya gari. Video ilitoka kwenye kichwa cha habari cha Kiingereza, na habari yenyewe ilinukuu utafiti. Siku ya nne wakaufikia utafiti, kurasa nyingi zilizojaa hesabu, wakausoma kwa kamusi na kwa jasho. Watafiti hawakusema swali moja chupa moja. Walikadiria chupa ya nusu lita kwa majibu kati ya kumi na hamsini, kutegemea kompyuta ziko wapi na ni wakati gani, na walikuwa wakiihesabu programu ya miaka kadhaa iliyopita. Humo yamo maji ya kupozea, na pia maji yanayotumika kuzalisha umeme wenyewe.

"Sasa ile 'kumi hadi hamsini' ilipotelea wapi?" Eugenia aliuliza.

Kijana mmoja mnyamavu aitwaye Chenge, ambaye sijapata kumsikia akijibu swali la kemia, akanyoosha mkono. "Madam, kwenye kichwa cha habari wameandika 'mazungumzo.' Kwenye video amesema 'ukiongea nayo.' Kwenye ujumbe wameandika 'swali.' Kila aliyepokea amekata kidogo."

Eugenia aliyaandika maneno hayo ubaoni kama yalivyo, na chini yake akaandika jina la Chenge, kama inavyofanywa kwa wataalamu. Mtoto yule alikaa wima mpaka kengele.

Nusu ya pili ya bango ilihusu ziwa. Jumamosi aliwachukua wanachama wa klabu mpaka kwenye mwalo mmoja ambako mitumbwi hushusha dagaa, na aliyewapokea alikuwa Mama Nestory, ambaye hununua mzigo wake hapo. Nami nilikwenda, kwa udadisi tu. Aliwaonyesha vichwa vya nguzo vilivyochomoza majini mbali kidogo na ufuko.

"Pale palikuwa na vibanda vyetu," alisema. "Mwaka ule wa korona maji yalipanda yakavimeza. Nani kawaambia linakauka?"

Modesta aliinamisha uso. "Kwa hiyo mama, ziwa linaongezeka?"

Mama Nestory akataka kujibu, lakini Eugenia alimuomba radhi na kuwageukia watoto. "Mama ameona mwalo huu, kwa miaka aliyofanya kazi hapa. Na yeye ni chanzo. Mwandikeni jina, mahali, na mwaka. Halafu tutafute waliopima."

Mama Nestory alicheka mpaka akashika kiuno. "Hata mimi, mwalimu? Haya, niandikeni."

Waliopima walipatikana katika jedwali la vipimo vya kina cha ziwa. Liliwaonyesha kwamba ziwa hupanda na kushuka. Karibu miaka ishirini iliyopita lilishuka watu wakaogopa, na miaka ya karibuni likapanda watu wakahama. Mvua ilikuwemo katika sababu, na maji yanayofunguliwa kwenye mabwawa ya mto unaotoka ziwani yalikuwemo. Akili unde haikutajwa popote. Kompyuta nyingi zinazojibu maswali yale ziko nchi za mbali, na hunywa maji ya hukohuko.

Siku ile Modesta alilia nyuma ya maktaba. Alisema ameiaibisha shule. Eugenia alikaa naye chini, kwenye saruji, akamsimulia habari ya sato waliotuliwa juu ya meza ya walimu. Modesta aliniambia baadaye kwamba kilichomtuliza ni kumsikia mwalimu akisema, "Na mimi nilikuwa mtu mzima, mwenye shahada."

Kama ningekuwa mimi, ningeishia hapo. Bango ni la uongo, basi, lishushwe. Lakini wanafunzi wakishaonja kubomoa, hawataki kuacha. Jumatatu Yakobo, kijana anayeishi kwa ajili ya kompyuta, alifika na ushindi usoni. Kwenye mashine za shule alikuwa ameikuta taarifa ya kampuni moja kubwa inayotengeneza akili unde. Kampuni ilisema swali moja la kawaida la maandishi hutumia matone matano tu ya maji.

"Matone matano!" Yakobo alipiga dawati. "Watu wanatutisha bure. Hainywi kitu!"

Darasa likashangilia. Hata mimi mlangoni nilitabasamu. Eugenia alinitazama, akasema, "Bwana Mashimba, naomba maabara yako, dropa, na silinda za kupimia."

Tukashuka wote maabara. Juu ya meza moja aliweka chupa ya maji ya nusu lita, na kando yake akamwambia Modesta apime kiasi ambacho watafiti walikikadiria kwa jibu moja. Ukigawanya nusu lita kwa hamsini ni vijiko viwili vya chai, ukigawanya kwa kumi ni vijiko kumi. Modesta alivimimina katika bika mbili, vikombe vya kioo vya maabara. Halafu Yakobo akachukua dropa, ule mrija mdogo wenye mpira juu, akadondosha matone matano kwenye sahani ya kioo. Darasa zima lilimhesabia kwa sauti. Maji yale yalikuwa kama machozi ya mtoto mmoja.

Walivitazama vitu hivyo kwa zamu. Chupa ilisimama peke yake, na kila mtu alijua kwamba dai lake limetiwa chumvi. Lakini kati ya vijiko na matone je?

"Mmoja wao ni mwongo," alisema Yakobo.

"Au hawakupima kitu kimoja," alisema Chenge.

Eugenia akawagawia karatasi nyingine, maoni ya wataalamu walioisoma taarifa ya kampuni. Waliisoma pale pale, wamesimama kati ya meza. Wakaona kwamba kampuni ilihesabu maji yanayopoza majengo yake, ikayaacha maji yanayotumika kuzalisha umeme inaoununua. Wakaona kwamba kuifundisha programu kabla haijaanza kujibu hakukuhesabiwa. Wakaona pia, kwa upande wa pili, kwamba programu za sasa hazilingani na zile za utafiti wa kwanza, kwa hiyo vijiko navyo huenda ni vingi mno kwa leo.

"Na taarifa hii ya matone, imeandikwa na nani?" Eugenia aliuliza.

"Kampuni," Yakobo alijibu, sauti imepungua.

"Je, kampuni haiwezi kusema kweli?"

"Inaweza, madam. Lakini inajipimia yenyewe."

"Basi andika hivyo. Usiandike kwamba imedanganya. Andika kwamba imejipimia."

Yakobo hakuridhika. Aliomba aiulize akili unde yenyewe, na Eugenia akampa simu yake. Mashine ikajibu kwa adabu, ikataja na utafiti wa kuunga mkono jibu lake, pamoja na majina ya waandishi wawili. Walizitumia dakika ishirini zilizofuata kuutafuta utafiti huo. Haukuwapo mahali popote, na waandishi hao hawakupata kuuandika. Walipoiuliza mara ya pili, ikatoa tarakimu nyingine. Maabara ilijaa kicheko, na Yakobo mwenyewe alicheka zaidi ya wote, lakini baadaye akauliza kwa dhati:

"Sasa madam, ukweli ni upi?"

"Sijui," alisema Eugenia.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijui ni mara ngapi nimewahi kuwaambia wanafunzi neno hilo mbele ya ubao wangu. Nilitegemea wamdharau. Walisogea karibu zaidi ili wamsikie.

"Najua uko kati ya wapi na wapi," aliendelea. "Najua nani amepima nini na ameacha nini. Na najua kwamba matone matano yakizidishwa kwa maswali ya dunia nzima kila siku si matone tena, na kwamba yanatoka kwenye kisima cha mtu fulani mahali fulani. Hicho mnaweza kukisema bila kuogopa. Zaidi ya hapo, bado."

Zikiwa zimebaki siku tano, alikwenda kwa mkuu. Nilimsindikiza kwa sababu aliniomba niwe shahidi wa vipimo. Mwalimu Privatus alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyeishi akitaka shule ya kilimani isidharauliwe na shule za mjini.

"Mwalimu, bango limeshachapishwa. Picha yake ameshatumiwa mgeni rasmi. Wewe unataka watoto wakasimame mbele ya mkoa waseme hawajui?"

"Nataka wakasimame waseme wanachokijua, Mkuu."

"Watu wanataka ujumbe. Chupa moja ni ujumbe! Hata kama si chupa kamili, si inasaidia mazingira?"

"Mkuu," alisema kwa ile sauti yake ndogo, na nikamwona mkuu akiinama mbele ili asikie, "mtu akigundua kesho kwamba tulimdanganya kuhusu chupa, kesho kutwa tutamwambiaje kuhusu taka tunazotupa ziwani, ambazo ni za kweli? Hatatuamini. Sitaki niyamalize maneno yetu yote kwa bango moja."

Eugenia akatoa karatasi mkobani. "Nimeandika barua kwamba bango likitundikwa kama lilivyo, mimi mlezi wa klabu sikubaliani nalo. Lawama isiende kwa Modesta, ije kwangu. Lakini nina ombi. Litundikwe. Modesta azungumze juu yake."

Walibishana karibu saa nzima. Mwishowe mkuu alisema, "Fanyeni. Ila msinitazame mimi pale jukwaani." Ile barua hakuipokea, akamrudishia.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. Shule ziliitwa moja baada ya nyingine, na nilihesabu mabango matatu mengine yenye chupa ya maji, chupa moja ikiwa imechorewa mdomo. Ilipofika zamu yetu, Modesta alisimama chini ya lile bango refu.

"Mgeni rasmi, walimu, na wanafunzi wenzangu, shikamooni. Bango hili maneno yake niliyaleta mimi. Yana makosa mawili."

Akaeleza alivyoyapata, na jinsi kila aliyepokea alivyokata kidogo. Alimtaja Chenge kwa jina, akamtaja na Mama Nestory wa mwaloni, mwaka na mahali. Kisha Yakobo akapanda na silinda na dropa, akaonyesha vijiko na matone, akasema ni nani aliyepima kila kimoja na nini kiliachwa. Modesta alimalizia kwamba mashine hizo zinatumia maji na umeme, kwamba kiasi chake bado kinabishaniwa na wanaojua, na kwamba wanaozimiliki wanapaswa kupimwa na mtu mwingine, wasijipime wenyewe. Nyuma yangu mwalimu wa shule mojawapo yenye chupa alisema, "Hawa wametumwa kutuharibia." Mwingine akamnyamazisha.

Makofi yalikuwapo, si mengi. Hatukupata zawadi. Majaji waliandika kwamba wasilisho letu lilikuwa zuri lakini "halina ujumbe mmoja unaoeleweka." Kombe lilichukuliwa na shule yenye ile chupa ya mdomo.

Njiani kurudi watoto walikuwa na hasira, na Yakobo alisema wazi kwamba ukweli hauna faida. Eugenia hakumkemea. Alimuuliza kama angependa kombe lile wapewe kwa maneno ya kijana wa kwenye gari. Yakobo alifikiri, akasema hapana, halafu baada ya hatua chache akasema, "Kidogo." Eugenia alicheka kwa sauti, na ni mara chache mno nimemsikia akicheka hivyo.

Nilimuuliza wiki ile kama hakujuta. Alisema alijuta jambo moja, kwamba hakuwaandaa kushindwa. "Niliwaandaa kuwa sahihi tu," alisema. Muhula uliofuata alianza kila somo la klabu kwa kuwasimulia habari za watu waliokuwa sahihi wasisikilizwe, na hata hizo aliwataka wamuulize kasema nani.

Modesta sasa yuko kidato cha nne. Mkuu alimwachia Eugenia klabu yote bila kuingilia, na bango lilikatwa vipande, nyuma yake wanafunzi wakaandika upya kwa rangi. Mwezi uliopita Eugenia aliitwa kuwaonyesha walimu kumi na wanne wa shule za Igoma na Nyakato namna anavyofundisha. Nilikwenda kumbebea dropa. Mwalimu mmoja wa makamo alimkatiza katikati: "Tupe tarakimu moja tukaiandike ubaoni, tumalize." Eugenia alimjibu kwamba anazo tarakimu mbili na sababu zinazozitofautisha. Yule bwana akakusanya vitu vyake akatoka. Wengine kumi na watatu walibaki mpaka saa kumi na moja jioni, na walikuwa bado wanabishana nilipofungua madirisha kupunguza joto.